Sura ya Nne: Chumba Kwanza, Maikrofoni Baadaye

Kabla hujatoa shilingi mfukoni, ingia kwenye chumba unachotaka kukifanya studio, funga mlango, zima simu, ukae kimya dakika kumi. Utasikia feni. Utasikia friji ya jirani ikiwaka na kuzima, bodaboda ikipandisha kilima, jogoo asiyejua saa, na kama juu yako ni bati tupu lisilo na siling bodi, utalisikia hata likitanuka kwa joto la mchana. Kisha simama katikati ya chumba upige kofi moja kwa nguvu. Ukisikia mlio mkali unaorudi harakaharaka kutoka ukutani, ujue huo ndio utakaokaa nyuma ya kila neno utakaloimba humo. Baada ya hapo utakuwa unajua zaidi kuhusu maikrofoni unayoihitaji kuliko utakachoambiwa na muuzaji yeyote wa Kariakoo au Luthuli Avenue.

Naanzia chumbani kwa sababu karibu maswali yote ninayoulizwa kuhusu kurekodi nyumbani huanzia dukani. Mtu anataka jina: nichukue Shure, Rode au Audio-Technica? Namwelewa. Pesa ya vifaa hupatikana kwa kujinyima na hakuna anayetaka kuitupa. Lakini maikrofoni ileile inayotoa sauti tamu kwenye studio iliyojengwa kwa kuta mbilimbili na milango mizito, ukiileta nyumbani inaweza kukuingizia mtaa mzima ndani ya wimbo mmoja. Ninachotaka ukishike katika sura hii ni kwamba maikrofoni inachaguliwa na chumba pamoja na koo la mwimbaji, na priampu, yaani kikuza umeme wa maikrofoni, inachaguliwa kwa hesabu. Jina lililoandikwa ubavuni lije mwisho.

Zamani mwimbaji hakuwa na haja ya kuyajua haya, kwa sababu yeye ndiye aliyeifuata maikrofoni. Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 ili arekodiwe na His Master's Voice. Bendi za dansi za miaka ya 1970 ziliingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na humo fundi mitambo ndiye aliyekijua chumba na ndiye aliyechagua chombo. Leo kijana wa Mburahati au Kayole ni mtunzi, mwimbaji, fundi mitambo na mhasibu kwa wakati mmoja. Na inawezekana. Albamu ya kwanza ya Billie Eilish, iliyotoka mwaka 2019 na kushinda Grammy ya albamu ya mwaka mnamo Januari 2020, ilirekodiwa kwa sehemu kubwa na kaka yake Finneas katika chumba cha kulala nyumbani kwao Los Angeles. Chumba cha kulala kimekuwa mahali pa kazi, basi tukijue kama fundi anavyojua karakana yake.

Maikrofoni za kuimbia unazozikuta madukani ni za koo mbili. Dainamiki ina utando mwembamba ulioshikamana na koili ndogo ya waya, na koili hiyo imekaa ndani ya uga wa sumaku. Sauti inausukuma utando, koili inacheza, umeme mdogo sana unazaliwa. Haidai umeme wa nje, na inavumilia kudondoka, jasho na makelele ya jukwaani. Kondensa ina utando mwepesi zaidi, mara nyingi wa plastiki iliyopakwa dhahabu, uliotandazwa mbele ya bamba la chuma kwa nafasi nyembamba mno. Utando ukitikisika, nafasi ile inabadilika na umeme unabadilika nayo. Kwa kuwa haubebi koili, utando wa kondensa huifuata sauti kwa wepesi mkubwa: pumzi, ulimi unaponasuka kwenye kaakaa, makali ya herufi s, vyote vinaingia. Ndani yake kuna saketi ya kielektroniki, ndiyo maana inadai umeme. Uko ukoo wa tatu, wa ribini, wenye sauti laini ya kupendeza, ila ni dhaifu na si wa mtu anayeanza.

Umeme huo wa kondensa, unaoitwa fantomu, una historia yake. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Berlin ilikuwa ikiandaa maikrofoni za transista kwa ajili ya NRK, shirika la utangazaji la Norwei. Studio za Norwei tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 uliowekwa kwa ajili ya taa za dharura. Neumann wakauchukua huohuo, wakaupitisha kwenye nyaya zilezile zinazoleta sauti. Ukibonyeza kitufe kilichoandikwa 48V kwenye saundikadi yako leo, unatumia kipimo kilichotokana na taa za dharura za Norwei. Dainamiki iliyochomekwa kwa kebo nzima ya XLR haidhuriki kitufe hicho kikiwaka, kwa hiyo usiwe na hofu nacho. Kondensa ya studio, kikiwa kimezimwa, haitoi kitu.

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Kuna maikrofoni ya bei ya chini inayouzwa kila kona kwa jina la BM-800. Ina umbo pana la kondensa za studio, kishikio cha plastiki chenye mipira, na waya unaoishia kwa pini ya milimita 3.5 ya kuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Viwanda vingi vinaitengeneza na ubora wake unatofautiana, lakini ukiifungua, nyuma ya wavu ule mkubwa mara nyingi unakuta kidonge (kile kisehemu chenye utando) kidogo cha elektreti, yaani kondensa inayobeba chaji yake ya kudumu. Elektreti yenyewe si ya kudharauliwa. James West na Gerhard Sessler waliibuni Bell Labs mwaka 1962, ikaja kuwa maikrofoni ya simu nyingi, na hata AT2020 ya Audio-Technica, ambayo ni chombo cha heshima, ni ya aina hiyo. Ubaya ni kidonge cha bei rahisi ndani ya ganda kubwa, kikilishwa volti chache za kompyuta, halafu kikuzwe na priampu ya ndani ya laptop ambayo haikutengenezwa kwa muziki. Ile shaaa inayotokea hapo haiondoki kwa programu yoyote bila kuikwangua na sauti yenyewe.

Sasa nije kwenye jambo linalosemwa sana, na ambalo ni kweli nusu tu: kwamba dainamiki haisikii chumba. Ni kweli kwamba kwenye chumba kibaya dainamiki humwokoa mtu. Lakini haichagui cha kusikia. Weka dainamiki na kondensa zenye mwelekeo wa aina moja kwa umbali uleule kutoka mdomoni, pandisha sauti zilingane, na utakuta mwangwi wa chumba unakaribiana katika zote mbili. Kinachookoa ni umbali. Kila unapopunguza kwa nusu nafasi kati ya mdomo na maikrofoni, sauti yako inapanda kwa desibeli 6 hivi, ilhali mvua, feni na mwangwi vinabaki palepale. Kutoka sentimita 30 hadi 15 umepata 6. Ukifika sentimita 7 na nusu umepata 12, na hukulipa chochote.

Dainamiki inakuruhusu kukaa karibu namna hiyo bila madhara makubwa, kwa kuwa haishtuki sana kwa p na b, na haiongezi mno sauti za juu. Kondensa kwa ukaribu huo inachukua mate, pumzi na mapigo ya midomo, na mwimbaji analazimika kurudi nyuma, akirudi nyuma chumba kinaingia. Hiyo ndiyo siri yote ya kusifiwa kwa dainamiki katika nyumba zetu.

Ukaribu nao una gharama yake. Maikrofoni nyingi za kuimbia husikia kwa umbo la moyo: mbele sana, pembeni kiasi, nyuma kidogo mno. Maikrofoni za umbo hilo, ukizisogelea, hupandisha besi. Mwanamke mwenye sauti nyembamba anaweza kunufaika, kwa kuwa sauti yake inapata mwili. Mwanaume mwenye koo zito atakuta maneno yake yamemezwa. Arudi nyuma vidole vinne, au awashe kitufe cha kukata besi kama kipo, na ageuze maikrofoni kidogo pembeni ili pumzi ipite mbele yake badala ya kuingia ndani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote katika habari hii ni wa SM7. Shure waliitoa mwaka 1973, wakitumia kidonge cha ukoo uleule wa Unidyne III kilichokuwa ndani ya SM57 ya mwaka 1965 na SM58 ya mwaka 1966. Ilikuwa dainamiki ya watangazaji wa redio. Kisha Bruce Swedien, fundi mitambo aliyekuwa na uwezo wa kuagiza maikrofoni yoyote duniani, akaiweka mbele ya Michael Jackson na kurekodi kwayo sehemu kubwa ya sauti yake ya mbele kwenye Thriller ya mwaka 1982. Kondensa za Neumann zenye bei ya juu mno zilikuwepo palepale studioni. Alichagua ile iliyomfaa mwimbaji, mtu aliyeimba kwa makali na mapigo ya koo ambayo kondensa ingeyang'arisha kupita kiasi.

Watu wanaposikia habari hiyo hukimbilia kununua SM7B, toleo lake la sasa. Mimi nasema wachukue funzo, wasichukue lazima chombo. Swedien alisikiliza koo kwanza. Mwimbaji wa singeli anayemwaga maneno juu ya mapigo yanayovuka 200 kwa dakika, nusu akiimba nusu akipiga kelele, ana koo linalotaka dainamiki, na hata studio yenye ukuta mzuri ningempa hiyo. Msoma kaswida au mwimba taarab anayepanda na kushuka taratibu, mwenye mitetemo midogo ya koo ambayo ndiyo utamu wenyewe, anastahili kondensa, mradi chumba kiwe kimya. Bongo Fleva ya mapenzi inayoimbwa karibu na sikio, pumzi zikiwa sehemu ya wimbo, nayo inaelekea kwenye kondensa. Rapa wa hip-hop mwenye sauti nzito anaweza kwenda popote. Na kuna koo zenye s kali kiasi kwamba kondensa ya bei nafuu, ambayo mara nyingi imepandishwa makali ya juu ili ivutie dukani, inazifanya zichome. Jipime kwa sentensi yenye p na s nyingi: pembeni pa pikipiki, shangazi Saada anasisitiza sisi tusisite. Irekodi, isikilize kwa hedifoni. Kama s zinakukera wewe mwenye sauti, zitamkera na msikilizaji.

Kuna takwimu moja kwenye karatasi za kondensa ambayo watu huishindania bure. Ni kelele ya maikrofoni yenyewe. Rode NT1-A ina desibeli 5, Neumann U 87 ya sasa ina 12, AT2020 ina 20. Tofauti ya 5 na 20 ni kubwa sana, kwenye karatasi. Lakini chumba cha nyumbani kilichotulia usiku, feni ikiwa imezimwa, mara nyingi hakishuki chini ya desibeli 30. Washa feni na kipimo kinapanda tena. Kwa hiyo anayelipa zaidi ili apate maikrofoni kimya, kisha akarekodi chini ya feni, amenunua ukimya ambao hatausikia.

Basi tukifanyie chumba kazi. Trei za mayai ziondoe ukutani. Najua zimejaa kwenye studio nyingi, najua zinaonekana kama studio. Karatasi nyembamba ile haizuii sauti ya nje hata kidogo, na mwangwi inaupunguza kwa kiasi kidogo cha sauti za juu tu, huku sauti za kati na za chini zikizunguka chumbani kama kawaida. Juu ya yote inashika moto haraka. Kinachomeza sauti ni unene. Sponji hufanya kazi vizuri pale unene wake unapokaribia robo ya urefu wa wimbi la sauti. Godoro la inchi 6, yaani sentimita 15, lililobandikwa ukutani linaanza kufanya kazi kamili kwenye mitetemo 570 hivi kwa sekunde. Lisogeze kutoka ukutani kwa sentimita 15 nyingine, na kazi hiyo inashuka hadi karibu 290. Nafasi hiyo ya hewa hailipiwi, lakini wengi hubandika godoro ukutani moja kwa moja na kuipoteza. Kabati lililojaa nguo, mapazia mazito yaliyokunjwakunjwa, blanketi nene, vyote vinasaidia. Kanga moja ukutani haisaidii.

Na godoro liwekwe wapi? Wengi huliweka nyuma ya maikrofoni, au hununua kile kingao cha nusu duara kinachofungwa kwenye stendi. Kumbuka umbo la moyo: maikrofoni haisikii vizuri nyuma yake. Inachokisikia ni kilichoko mbele yake, yaani wewe, na ukuta ulioko nyuma ya mgongo wako. Sauti yako inagonga kuta zote, na ule mwangwi unaorudi kupitia mgongoni kwako ndio unaoingia moja kwa moja. Kwa hiyo godoro la kwanza lisimame nyuma ya mwimbaji, la pili pembeni. Dirisha lenye kelele liwe nyuma ya maikrofoni, ili maikrofoni ilipe kisogo. Kama una godoro moja tu, ukiliweka mahali pake utapata zaidi ya anayeyapanga manne bila mpango.

Mvua juu ya bati haina dawa ya maikrofoni. Wakati wa masika panga ratiba kwa kuitazama mbingu, tumia siku za mvua kutunga na kupanga biti, na rekodi sauti hali ikitulia. Kwa kelele za mtaa, saa za usiku wa manane hadi kabla ya adhana ya alfajiri ni hazina, na wengi wa maprodyuza wetu wamezizoea saa hizo kwa sababu hiyohiyo.

Tuje kwenye priampu. Kazi yake ni kuuchukua umeme mdogo unaotoka kwenye maikrofoni na kuukuza mpaka mashine inayogeuza sauti kuwa tarakimu iuone vizuri. Saundikadi yoyote ya USB yenye tundu la XLR ina priampu ndani yake, kwa hiyo ukishanunua saundikadi, priampu umeshanunua. Jiulize mambo mawili tu: inakuza kwa kiasi gani, na inapokuza inaongeza shaaa kiasi gani.

Fanya hesabu. Maikrofoni hupimwa kwa shinikizo la paskali moja, ambalo ni desibeli 94. Kwa shinikizo hilo SM7B inatoa milivolti 1.12. SM58 inatoa 1.85. AT2020 inatoa 14.1, na NT1-A inatoa 25. Yaani NT1-A inatoa umeme mara 22 ya SM7B, sawa na tofauti ya desibeli 27. Desibeli hizo 27 lazima zitoke kwenye priampu yako. Shure wenyewe wanasema SM7B inataka priampu yenye geini, yaani kiwango cha kukuza, isiyopungua desibeli 60. Sasa chukua saundikadi ya Focusrite Scarlett 2i2, ambayo imeenea sana Afrika Mashariki. Kizazi cha tatu kina geini ya 56. Kizazi cha nne, kilichotoka mwaka 2023, kina 69. Mwimbaji mwenye sauti ya chini akiwa na SM7B kwenye kile cha tatu atazungusha kitasa hadi mwisho na bado sauti itakuwa ndogo. Kwenye cha nne ana nafasi. Mwenye AT2020 au NT1-A hana shida kwenye chochote kati ya hivyo.

Ndiyo sababu kuna vikuzio vidogo vinavyokaa kati ya maikrofoni na saundikadi, kama Cloudlifter CL-1, ambacho hutumia umeme wa fantomu kuongeza desibeli 25. Mwaka 2023 Shure nao wakatoa SM7dB, yenye kikuzio ndani yake. Ni vifaa vizuri. Lakini angalia pesa inavyokwenda: SM7B ni mamia ya dola huko Marekani, kikuzio nacho kina bei yake, na kabla ya nauli na ushuru wa bandarini umeshapita bei ya SM58 halisi, saundikadi nzuri, na magodoro matatu. SM58 na SM7B ni ndugu wa ukoo mmoja wa kidonge. SM7B ina ulaini na upana zaidi, sikatai. Ila tofauti hiyo ni ndogo kuliko tofauti kati ya chumba chenye godoro na kisicho nalo.

Kuhusu shaaa ya priampu, fizikia yenyewe imeweka ukomo. Upinzani wa kawaida wa ohm 150 wa maikrofoni, kwa joto lake tu, unatoa kelele ya takriban -131 dBu. Hakuna priampu duniani inayoweza kushuka chini ya hapo. Saundikadi nyingi za bei ya kati siku hizi zinafika -127 au -128. Imebaki tofauti ya desibeli tatu au nne tu hadi ukomo wa maumbile. Priampu ya Neve 1073, iliyobuniwa na Rupert Neve mwaka 1970 na ambayo maprodyuza huitaja kwa sauti ya heshima, kwenye karatasi zake ina -125. Kwa ukimya, saundikadi yako ya dola 200 inaishinda. Inachouza 1073 ni rangi: transfoma zake, ya kuingilia na ya kutokea, zinaongeza unene na utamu kidogo pale unapozisukuma. Rangi hiyo ni nzuri kweli, na anayeweza kuimudu aifurahie. Lakini rangi ya namna hiyo unaweza kuikaribia baadaye kwa programu, na mwangwi wa chumba hauwezi kuutoa kwa programu bila kuiumiza sauti. Priampu ya nje iwe ununuzi wako wa mwisho. Wanaoanza nayo wananisikitisha, kwa sababu wanakuza kwa ufasaha mkubwa sauti ya chumba kibovu.

Usirekodi kwa kuisukuma sauti hadi kwenye nyekundu. Desturi hiyo ilitoka kwenye kanda za sumaku, zilizokuwa na shaaa yake ya kufukuza. Kwa biti 24 acha vilele vya sauti vifike kama -12 hadi -10. Mwimbaji akipandwa na hisia kwenye kiitikio, nafasi ipo, na shaaa haiongezeki kwa kiasi unachoweza kukisikia.

Umeme wa nyumbani nao unaingia kwenye rekodi. Huku kwetu mkondo unakamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na ndio unaozaa ule mvumo wa chini unaokaa nyuma ya sauti. Kebo ya XLR yenye pini tatu imebuniwa kuufuta: sauti inasafiri kwenye nyaya mbili kwa sura mbili zilizo kinyume, mvumo unaingia kwenye zote kwa sura moja, na priampu inapotoa moja kutoka kwa nyingine mvumo unajiondoa. Ukitumia kebo yenye XLR upande mmoja na jeki ya gitaa upande wa pili, umeutupa ulinzi huo. Nyumba nyingi hazina ethi ya kuaminika, kwa hiyo ukisikia mvumo jambo la kwanza ni kuchomoa chaja ya laptop na kurekodi kwa betri. Mara nyingi mvumo unakoma hapohapo.

Kwa walio Pwani, Tanga, Unguja, Mombasa au Lamu, unyevu wa hewa ni adui wa kondensa. Utando ukishika unyevu maikrofoni huanza kuchakacha na kupasuka katikati ya wimbo. Ukimaliza kazi itoe kwenye stendi, ifunge kwenye kasha lisilopitisha hewa pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Dainamiki haina masharti hayo, na hilo ni neno jingine la kuitetea.

Siku ya kununua, nenda na laptop yako, saundikadi yako na hedifoni zako. Muuzaji anayekataa usijaribu kwa vifaa vyako, muage. Rekodi ubeti uleule kwa kila maikrofoni, kwa umbali uleule, na sekunde chache za kimya mwanzoni. Ukifika nyumbani, kabla ya kulinganisha, sawazisha ukubwa wa sauti kwenye programu. Hili usiliruke: sikio la binadamu huipenda iliyo kubwa, hata kama ndiyo mbaya, na kondensa itakuwa kubwa daima. Mpe rafiki asikilize bila kumwambia ipi ni ipi. Na jihadhari na bandia. SM58 ni kati ya maikrofoni zinazoigwa sana duniani. Ya kweli ina uzito wa gramu 298, na mizani ndogo ya jikoni inatosha kuipima. Iliyo nyepesi waziwazi, au inayouzwa kwa robo ya bei yake ya kawaida, iache mezani.

Kwa chumba cha mtaani chenye bati na jirani ukuta kwa ukuta, uamuzi wangu hautikisiki: SM58 halisi, saundikadi yenye geini ya 56 au zaidi, kebo moja nzuri ya XLR, stendi nzito isiyoyumba, kinga ya pumzi, na godoro la inchi 6 nyuma ya mgongo wako. Kama una chumba cha ndani kisicho na dirisha la barabarani, kina siling bodi na umeshakitia magodoro, nunua AT2020, au NT1-A kama mfuko unaruhusu, na urekodi usiku. Pesa ya priampu iache benki mpaka wimbo wako wa kumi utoke.